Damu ya kitovu: imwendee mtoto, ikahifadhiwe benki, au awekewe ndugu yake mgonjwa?

Mtoto wa kilo 3 ana damu karibu robo lita mwilini mwake. Haijazi hata chupa ya soda. Anapotoka tumboni, mililita 80 hadi 100 nyingine za damu yake bado zimo ndani ya kondo la nyuma na kamba ya kitovu. Kamba isipobanwa mapema, nyingi ya damu hiyo humrudia mwenyewe: karibu mililita 80 katika dakika ya kwanza, na hadi 100 ikitimia dakika ya tatu. Kamba ikibanwa na kukatwa papo hapo, damu hubaki upande wa kondo, na hiyo ndiyo huitakwa na benki za damu ya kitovu, yaani vituo na kampuni zinazoigandisha na kuitunza kwa matibabu ya baadaye.

Kwa hiyo mzazi wa Kisumu, Kakamega au Bungoma anayeletewa kijitabu cha kampuni chenye maneno "bima ya uhai wa mtoto" anaombwa agawe kitu kimoja ambacho hakitoshi wawili. Tone lililoingia kwenye mfuko halikuingia kwa mtoto. Jambo hilo ndilo la kuanza nalo, kabla hata ya bei.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Familia isiyo na mtoto mgonjwa wa damu nyumbani iache damu imwendee mtoto, na pesa zifanye kazi nyingine. Familia ambayo tayari ina mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huku huuita siko seli, ina hesabu tofauti kabisa, na hesabu hiyo yafaa ifanywe pamoja na daktari kabla mimba haijafika wiki ya 30.

Damu hii humtibu nani

Ndani ya damu ya kitovu mna seli shina za damu, aina ileile inayokaa kwenye uboho wa mifupa. Zikitiwa kwenye mshipa wa mgonjwa ambaye uboho wake umefutwa kwa dawa kali, husafiri zenyewe hadi ndani ya mifupa, hutulia humo na kuanza kutengeneza damu mpya. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, chini ya Dkt. Eliane Gluckman. Mvulana wa Kimarekani mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho, alipandikizwa damu ya kitovu ya dada yake mchanga, iliyokuwa imegandishwa Marekani na kusafirishwa hadi Ufaransa. Alipona. Leo damu ya kitovu hutumika katika kutibu baadhi ya saratani za damu, selimundu, thalasemia na magonjwa kadhaa ya kurithi ya kinga ya mwili.

Angalia nani alitoa na nani alipokea. Damu ilikuwa ya dada. Mgonjwa alikuwa kaka. Kijitabu kinachosema "muwekee mwanao damu yake mwenyewe" huazima sifa za tiba hiyo na kuzivisha jambo jingine.

Mtoto aliyezaliwa na selimundu ana kasoro ileile katika kila seli ya damu yake ya kitovu. Kumrudishia damu hiyo ni kumrudishia ugonjwa. Kwa saratani ya damu ya utotoni hali inakaribiana: mara nyingi mabadiliko ya kwanza yanayoleta saratani huwa yamo tayari kwenye damu siku ya kuzaliwa, na daktari hatataka kuyapanda upya. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kilitaja makadirio kwamba uwezekano wa mtu kuja kutumia damu yake mwenyewe ya kitovu ni kati ya 1 kwa 400 na 1 kwa 200,000. Upana wa makadirio hayo peke yake unaonyesha jinsi matumizi yenyewe yalivyo machache. Chama hicho hakishauri kuhifadhi kwa kulipia kama akiba ya kawaida. Kinapendelea benki za umma, ambako damu huchangwa kwa mgonjwa yeyote atakayelingana nayo, na kinatoa nafasi kwa familia yenye mtoto mgonjwa anayeweza kufaidika.

Hoja mbili nyingine husikika sana kwenye mauzo. Ya kwanza ni usonji na mtindio wa ubongo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Duke kilitoa matokeo ya jaribio la watoto 180 wenye usonji waliopewa damu ya kitovu au maji yasiyo na dawa. Katika kipimo kikuu kilichopangwa tangu mwanzo, waliopewa damu hawakuwapita wenzao. Kwa mtindio wa ubongo utafiti bado unaendelea, na kulipia tiba ambayo bado iko kwenye majaribio ni kununua matumaini. Ya pili ni tiba ya jeni ya selimundu, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Hiyo kweli hutumia seli za mgonjwa mwenyewe, ila huchujwa kutoka kwenye damu ya mishipa yake akiwa na miaka 12 au zaidi. Damu ya kitovu haihitajiki.

Kumwachia mtoto

Shirika la Afya Duniani hushauri kamba isibanwe kabla ya dakika moja kupita, na linataja dakika 1 hadi 3 kuwa muda unaofaa. Hii ni kwa wajawazito wote, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ukanda wa Ziwa una malaria mwaka mzima, na upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni jambo ambalo kila zahanati kuanzia Busia hadi Homa Bay hukutana nalo. Damu ile ya kondo imebeba madini ya chuma ambayo huimarisha akiba ya mtoto kwa miezi hadi 6, wakati ambapo maziwa ya mama peke yake yana chuma kidogo. Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, faida ni kubwa zaidi: kuchelewesha kubana kamba hupunguza vifo.

Kuna upande wa pili. Watoto walioachiwa damu hupata umanjano wa kutibiwa kwa taa mara nyingi kidogo kuliko wengine, kwa hiyo mtoto akaguliwe macho na ngozi siku ya pili na ya tatu. Na mtoto asiyepumua vizuri huenda akahitaji kukatwa kamba mapema ili apelekwe kwenye meza ya kusaidiwa kupumua. Huo ni uamuzi wa mkunga, wala usiupinge.

Gharama yake haipo. Kinachohitajika ni kumwambia mkunga mapema, na kuomba yaandikwe kwenye kitabu cha mama na mtoto, kwa sababu anayekuzalisha usiku huenda si yule uliyezungumza naye mchana.

Benki ya kulipia: saa 48 kutoka Bungoma

Hapa ndipo mazungumzo mengi huishia kwenye bei, ilhali kinachoharibu sampuli kwanza ni barabara, joto na siku ya wiki.

Tuanze chumbani. Mtoto akishatoka na kamba ikishabanwa na kukatwa, mkusanyaji hupangusa kamba kwa ayodini au spiriti. Kamba ina mishipa mitatu: miwili myembamba na migumu, mmoja mpana na laini wenye rangi ya samawati. Sindano nene huingia kwenye huo mpana, chini karibu na kibano. Mfuko wenye dawa ya kuzuia damu isigande huning'inizwa chini ya kiwango cha kitanda, damu ikishuka kwa uzito wake. Mfuko hutikiswa polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto, ili dawa ichanganyike. Kamba ikigeuka nyeupe na kusinyaa, kazi imekwisha. Huchukua dakika 5 hadi 10. Mfuko hufungwa na kuandikwa jina la mama, tarehe na saa kabla haujatoka chumbani, kisha hutolewa damu ya mama ya kupima virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende.

Yanayoharibika ni haya. Damu kuwa kidogo ndilo la kawaida kuliko yote. Mfuko usipotikiswa hufanya mabonge. Bakteria huingia kamba isipopanguswa vizuri, na katika uzazi wa njia ya kawaida nafasi ya kuingia ni kubwa kuliko kwenye upasuaji. Tatizo kubwa zaidi ni nani anayeshika mfuko. Dakika hizohizo ndizo mama hudungwa oksitosini uniti 10, dawa ya kuzuia kuvuja damu, kondo likatolewa, na mkunga akatazama damu inavyotoka. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndicho kisababishi kikuu cha vifo vya wazazi nchini. Katika wodi ambayo muuguzi mmoja ana akina mama kadhaa, hapana mfuko unaostahili kumtoa macho. Ikiwa kampuni haileti mkusanyaji wake mwenyewe, hilo pekee ni sababu ya kukataa.

Sasa barabara. Kiwango kinachotumiwa na benki nyingi kubwa ni sampuli iwe imesindikwa na kuanza kugandishwa ndani ya saa 48 tangu kukusanywa. Baadhi hukubali hadi 72 kwa sampuli za familia, ila kadiri saa zinavyopita ndivyo seli zinavyokufa. Chukua mtoto aliyezaliwa Bungoma Ijumaa saa tano usiku. Mjumbe wa vifurushi anafika asubuhi. Bungoma hadi Kisumu kwa barabara ni muda wa saa mbili na nusu hadi tatu bila foleni. Kisha ndege ya kwenda Nairobi, kisha kungoja mzigo wa kimataifa, kisha safari ya usiku kwenda India au Ulaya, kisha forodha ya huko. Saa 48 zinakatika Jumapili saa tano usiku. Je, maabara hupokea na kusindika sampuli Jumapili? Uliza swali hilo kwa maneno hayohayo, na jibu liwe kwenye maandishi.

Joto nalo. Sampuli husafiri ikiwa kwenye joto la kawaida la chumbani, kati ya nyuzi 15 na 25 hivi. Haigandishwi njiani, na barafu ikigusa mfuko moja kwa moja huua seli. Kisumu mchana hufika nyuzi 30. Gari lililofungwa vioo likiegeshwa juani Kondele hupita 40 upesi. Sanduku zuri lina kuta nene, vipande vya kutuliza joto, na kifaa kidogo kinachoandika nyuzijoto njia nzima. Sanduku lisilo na kifaa hicho halimwachii mtu ushahidi wowote wa yaliyotokea njiani.

Ikifika salama, damu hutenganishwa, huchanganywa na dawa ya kulinda seli, hupozwa taratibu kwa nyuzi 1 hivi kwa dakika, kisha huwekwa kwenye tangi la naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikikaa hivyo bila kusumbuliwa hudumu: seli zilizogandishwa zaidi ya miaka 20 zimeyeyushwa zikiwa hai. Sharti liko kwenye "bila kusumbuliwa". Mwaka 2023 wizara ya afya ya Singapore ilitangaza kwamba matangi 7 ya benki moja ya kibinafsi yalikuwa yamepanda joto kupita kiwango, na karibu sampuli 2,200 kwenye tangi mojawapo ziliharibika. Mwaka 2019 kampuni moja ya Uswisi ilifunga huduma zake na sampuli za wateja zikahamishiwa Poland. Mzazi aliyeko Mumias hana namna ya kwenda kuchungulia tangi.

Pesa, kwa hesabu ya kalamu

Bei hutofautiana, lakini umbo lake ni moja: malipo ya mwanzo ya kukusanya, kusafirisha na kusindika, halafu ada ya kila mwaka. Tuchukue mfano tu: dola 1,500 mwanzo na dola 100 kila mwaka kwa miaka 20. Jumla ni dola 3,500. Dola ikiwa Sh130, hizo ni Sh455,000. Kwa kuwa ada ni ya dola, shilingi ikiyumba nayo hupanda. Mapema mwaka 2024 dola ilifika karibu Sh160, na kwa kiwango hicho ada ya mwaka mmoja hutoka Sh13,000 hadi Sh16,000. Ukiacha kulipa, mikataba mingi humpa mwenye benki ruhusa ya kutupa sampuli au kuifanyia utafiti.

Kwa kulinganisha, familia inayochangia SHA, bima ya afya ya serikali, kiwango cha chini cha Sh300 kwa mwezi hulipa Sh72,000 kwa miaka 20 hiyohiyo, na kadi hiyo huitumia kweli. Usitarajie SHA ilipie benki ya kitovu. Kama zipo pesa za kumwekea mtoto akiba ya afya, zianzie kwenye kadi hiyo, na zinazobaki ziende kwenye chama au Sacco ambako utazitoa siku ya ugonjwa wowote ule.

Kuhusu tishu ya kamba, ambayo kampuni huuza kama nyongeza: haina tiba iliyothibitishwa inayoitegemea. Iache.

Penye mtoto wa siko seli nyumbani

Katika kaunti za Siaya, Kisumu, Homa Bay, Busia, Kakamega na Bungoma, familia nyingi zinaujua ugonjwa huu kwa jina la mtoto. Mwenye jeni moja ya selimundu huitwa AS, naye si mgonjwa. Mwenye mbili ni SS, ndiye mgonjwa. Asiye nayo ni AA. Baba akiwa AS na mama AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, 2 kati ya 4 ya AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Ndugu wa AS au AA wote wanaweza kutoa seli za kumpandikiza mgonjwa. Wa SS hawezi.

Lakini hiyo ni nusu ya hesabu. Ili mwili wa mgonjwa usikatae seli, alama za kinga ziitwazo HLA sharti zilingane, na kwa ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ya kulingana kikamilifu ni 1 kati ya 4. Alama hizi na jeni ya selimundu hukaa kwenye kromosomu tofauti, kwa hiyo hesabu zinazidishwa: robo moja mara robo tatu, yaani 3 kati ya 16. Kwa lugha ya mtaani, katika familia 16 zenye mtoto SS zinazotarajia mwingine, 3 ndizo zitakazopata mtoto mwenye damu inayomfaa ndugu yake. Si nafasi kubwa, lakini mbele ya ugonjwa ambao uponyaji wake kamili ni upandikizaji ama tiba ya jeni, si nafasi ya kupuuza.

Hesabu hiyo inatufundisha jinsi ya kulipa. Usitie sahihi ya miaka 20. Lipia ukusanyaji na usindikaji, pamoja na kipimo cha HLA cha mtoto mpya na cha mgonjwa na kipimo cha hemoglobini cha mtoto. Majibu yakionyesha hailingani au mtoto ni SS, mkataba uwe unaruhusu kusimama hapo bila faini. Familia 13 kati ya 16 zitasimama hapo.

Ikilingana, tazama wingi wa seli. Ripoti ya benki huonyesha jumla ya seli zenye kiini. Wapandikizaji hutafuta angalau seli milioni 25 kwa kila kilo ya mgonjwa, na zaidi ni bora. Sampuli ya milioni 500 inamtosha wa kilo 20. Ya milioni 300 inaishia kilo 12, na mtoto wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, kwa kawaida amepita hapo. Kaka wa kilo 40 anahitaji milioni 1,000, ambazo sampuli nyingi hazifikii. Ripoti ionyeshe pia asilimia ya seli zilizo hai na majibu ya upimaji wa bakteria. Bila mambo hayo matatu, ulicholipia ni cheti cha ukutani.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kulitaja. Mtoto mpya aliyelingana hapotei. Akikua kidogo, uboho wake mwenyewe unaweza kuchotwa hospitalini akiwa amelazwa usingizi, na uboho wa ndugu aliyelingana ndio uliozoeleka zaidi katika kutibu selimundu. Faida ya damu ya kitovu ni kwamba ipo tayari, haimchomi mtoto, na inaweza kuongezewa uboho kidogo wa mtoto huyohuyo seli zikipungua. Hivyo, damu ikishindikana kukusanywa siku ya uzazi kwa sababu mama anavuja au mtoto amechoka, nafasi haijafungwa. Jambo hilo mama alijue kabla ya kuingia leba, asije akabaki akijilaumu.

Kabla ya yote, jiulizeni kama upandikizaji wenyewe mtaufikia. Familia nyingi za Kenya huufuata India, na gharama ni mamilioni ya shilingi, pamoja na miezi ya kukaa huko. Daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa, iwe Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, Kakamega au Moi ya Eldoret, awape barua inayosema mgonjwa anafaa kupandikizwa. Bila mpango huo sampuli hukaa tu ikilipiwa. Wakati huohuo mgonjwa aendelee na dawa zake: haidroksiyurea, foliki asidi, kinga ya malaria, na penisilini kuanzia mwezi wa 2 hadi miaka 5.

Kuchangia benki ya umma

Hili ni fupi. Benki za umma, kuanzia ile ya New York iliyoanzishwa 1992, hukusanya katika hospitali walizoziteua, kwa wafanyakazi wao. Kisumu, Kakamega au Bungoma hakuna mahali pa mama kuchangia. Ni hasara kweli, kwa sababu Waafrika ni wachache kwenye orodha za watoaji: nchini Marekani mgonjwa mweusi ana nafasi ya karibu 29% ya kupata mtoaji aliyelingana kikamilifu, mzungu 79%. Muuzaji akitumia takwimu hiyo kukuambia uhifadhi ya mwanao, sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili haifuati, kwa sababu tumeona damu yake mwenyewe haimtibu ugonjwa wa kurithi. Baba mwenye afya anayetaka kusaidia aende kituo cha damu cha Kisumu. Hiyo damu hutumika wiki hiyohiyo, mara nyingi kwa mama aliyevuja au mtoto wa siko seli.

Zikiwekwa kando kwa kando

| | Imwendee mtoto | Akiba ya mtoto mwenyewe | Kwa ndugu mgonjwa |
|---|---|---|---|
| Anayefaidika | Mtoto, tangu siku ya kwanza | Karibu hakuna | Ndugu, ikilingana |
| Nafasi ya kutumika | Hutumika papo hapo | 1 kwa 400 hadi 1 kwa 200,000 | 3 kati ya 16 kulingana na kufaa |
| Gharama | Hakuna | Mwanzo na ada ya miaka | Mwanzo. Ada ikiwa imelingana tu |
| Kinachoharibu | Haraka ya kubana kamba | Saa, joto, tangi, kampuni kufungwa | Hayo yote, na seli kuwa chache |
| Uamuzi ufanyike | Hata siku ya leba | Kabla ya wiki ya 34 | Kabla ya wiki ya 30 |

Je, vyote viwili haviwezekani? Kwa kiasi fulani. Kamba ikiachwa sekunde 60 kisha ikabanwa, damu hubaki ya kukusanya, ila hupungua, na sampuli nyingi zaidi hukosa seli za kutosha. Kwa akiba ya mtoto mwenyewe, usipunguze hata sekunde moja. Kwa ndugu mgonjwa, daktari na mkunga wakubaliane mapema juu ya dakika hiyo moja, na mtoto akiwa njiti makubaliano yafutwe.

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote hivi

Wazazi wengi hawajui kama ni AS. Vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito havina hicho, na kujua kwamba wewe ni O chanya hakukuambii lolote, kwa maana kundi la damu ni jambo jingine. Ombeni kipimo cha aina ya hemoglobini, baba na mama pamoja. Wote wakiwa AS, mtoto apimwe mapema. Kile kipimo cha zamani cha kutazama seli zikipinda hukosea chini ya miezi 6, kwa sababu mtoto bado ana hemoglobini ya tumboni. Tumieni kinachotenganisha aina za hemoglobini, au vile vya papo hapo vya tone la kisigino. Akigunduliwa katika wiki za kwanza, penisilini na chanjo humkuta kabla ya homa ya kwanza kubwa.

Wanaoamua kuhifadhi waulize pia kama benki ina ithibati ya FACT au AABB, mashirika ya kimataifa yanayokagua benki za aina hii, nani anashughulikia vibali vya kutoa sampuli nchini, na fedha ngapi hurudishwa sampuli ikifika imeharibika au ikiwa chini ya kiwango. Nambari ya simu ya mjumbe ibandikwe ndani ya jalada la kitabu cha kliniki, na sanduku likae kivulini nyumbani, mbali na jiko na dirisha la jua.

Wazee huuliza kuhusu kondo la nyuma, na wana haki. Kinachochukuliwa ni damu iliyo ndani yake. Kondo lenyewe hubaki. Mwambieni mkunga kabla ya leba kwamba mtakwenda nalo, mbebe mfuko wa plastiki usiovuja na ndoo yenye kifuniko, na lizikwe siku hiyohiyo, shimo liwe refu mbwa wasilifikie.